Manyoya, veni au Spin-Wing? Uzi wa kuchagua mkia wa mshale kulingana na upinde wako

Podo Tupu
Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada kwa wanaoijua mishale maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake na anaapa lake ndo sahihi.

Natumia rikavu (upinde usio na magurudumu, ncha zimejikunja mbele), nikivuta napata kama paundi 34 kwenye vidole, resti (pale mshale unapolalia) ile ya waya ya kubandika pamoja na planja (kipini cha springi kinachoegemea ubavu wa mshale), mishale ya kaboni spaini (kiwango cha ukakamavu wa mshale) 700 urefu inchi 28 na nusu. Mdogo wangu ana kompaundi (upinde wa magurudumu) ya paundi 55, anaachia kwa rilizi (kifaa cha kuachia kamba badala ya vidole), na resti yake ni ile ya duara yenye brashi. Tulinunua veni (vibawa vya plastiki vya mkiani) aina moja, zile fupi za plastiki ngumu, inchi 2, zilizosimama juu, tukabandika mishale yote siku moja kwa jigi (kifaa cha kubandikia) moja. Yake inaenda imenyooka tu. Yangu inatoka inatikisa mkia, mingine inaingia kwenye shabaha imelala upande kabisa. Mmoja kaniambia ng'oa weka manyoya ya ndege, mwingine kasema Spin-Wing (veni laini nyepesi zilizojikunja), wa tatu kasema veni hazina shida mwenye shida ni mimi 😅

Kwa sasa napiga ndani mita 18 ila lengo langu nitoke nje mita 70. Niweke nini, na kwa nini?

Tuliza Mkono
Ngoja waje wenye fani yao. Nimeshaweka kambi hapa.

Ugwe Mkavu
Mkuu Podo using'oe chochote kwanza. Swali lako limekaa vizuri maana umetaja vitu vyote vinavyoamua: mshale unaachiwa na nini, unapita wapi ukitoka, na unaenda umbali gani. Mkia wa mshale unachaguliwa mwisho baada ya hivyo vitatu, lakini watu wengi wanaanzia kwenye rangi halafu wanakuja kulia huku.

Tuanze na kuachia. Wewe unaachia kwa vidole. Kamba ikitoka kwenye vidole haiendi moja kwa moja mbele, inateleza kidogo pembeni, na mshale unapinda kushoto kulia kushoto ukiwa bado unasukumwa. Hii sio nadharia ya vijiweni, mwanafizikia mmoja wa Marekani anaitwa Clarence Hickman alishaonyesha kwa kamera za kasi miaka ya 1930 mshale unavyojipinda kuzunguka mpini wa upinde. Spaini ikiwa sahihi, mkia unapofika usawa wa mpini unakuwa umebembea kwenda nje, unapita bila kugusa. Spaini ikikosea, mkia unarudi ndani na veni inapiga resti au mpini. Mdogo wako anatumia rilizi, kamba yake haitelezi upande, na mshale wa kompaundi ukipinda unapinda zaidi juu na chini. Kwa hiyo nyie wawili mna mishale inayofanana kwa macho lakini inatoka kwenye upinde kwa tabia tofauti kabisa.

Halafu njia. Ile resti ya brashi imeushika mshale pande zote, veni zinapita katikati ya nywele za brashi, na veni fupi ngumu ndio inayovumilia hapo. Yaani mdogo wako kabahatisha pazuri. Asije akakubali kudanganywa aweke manyoya ya ndege kwenye resti ya namna ile, yatachakaa upesi mno. Kwako wewe ile veni ndefu kwenda juu na ngumu ina nafasi ndogo sana ya kupita pembeni ya waya na planja, na plastiki ikigusa haikunji, inasukuma. Mkia ukisukumwa pale mwanzoni ndo unaona hicho unachokiona.

Sasa kazi yenyewe ya mkia ni nini. Mshale ukiwa umenyooka kwenye njia yake veni hazina kazi kubwa, zinabaki kuwa mzigo na breki. Zinaanza kazi mshale ukikaa upande: hewa inazipiga ubavuni na kuusukuma mkia urudi kwenye mstari. Nguvu ya kurudisha inategemea eneo la veni, urefu wake kwenda juu, na umbali kutoka pale mshale unapobalansi. Ukizibandika kwa kuinamisha kidogo, ofseti ya digrii moja mpaka tatu hivi, au ukazipindisha kabisa kufuata mzunguko wa shafti (mti wa mshale) yaani helikali, mshale unazunguka na kasoro ndogo ndogo za shafti na ncha zinasawazishana. Ila hakuna cha bure, kadri unavyoongeza eneo na pembe ndivyo unavyopoteza kasi, na upepo wa pembeni unapata pa kushika.

Kuna na uzito, wengi wanaudharau. Veni kama zako (Blazer za Bohning ni mfano wa aina hiyo) moja ina kama greni 6, tatu ni 18, zaidi kidogo ya gramu moja. Utasema gramu moja ni nini, lakini ipo mwisho kabisa wa mshale. Pima hivi: tafuta mshale unapobalansi, pima kutoka kooni mwa noki (kitako cha mshale kinachoshika kamba) mpaka hapo, toa nusu ya urefu wa mshale, gawa kwa urefu wote, zidisha kwa 100. Mshale wako wa inchi 28.5 ukibalansi kwenye inchi 17.5 unapata kama asilimia 11.4 ya uzito wa mbele. Tuseme mshale mzima una greni 300, ukipunguza greni 10 tu mkiani hiyo asilimia inapanda karibu 2. Kwa rikavu ya shabaha wengi wanacheza kwenye 11 mpaka 16, kompaundi wanaridhika na chini ya hapo.

Kwa hiyo jibu langu kwako: mita 70 kwa paundi 34 huna kasi ya kuchezea. Unahitaji mkia mwepesi, mfupi kwenda juu, usiokamata upepo. Hapo Spin-Wing au veni laini ndogo za namna hiyo ndo mahali pake, za inchi moja na robo tatu. Ukibaki na hizo ngumu utashusha kilengeo mpaka kianze kugombana na mshale. Lakini kabla ya kununua, pima spaini kwanza. Nitarudi.

Mwana wa Longibo
Ugwe umeongea vizuri ila umepita haraka kwenye manyoya kana kwamba ni ya makumbusho. Wengine tunapiga upinde usio na resti kabisa, mshale unalala juu ya mkono au kwenye rafu ya mpini, na hapo veni ya plastiki ni kujitafutia balaa. Kila mshale LAZIMA uguse upinde ukipita. Nyoya likigusa linalala, mshale unapita, linasimama tena. Plastiki ikigusa inaurusha mshale. Haina mjadala hiyo, na ndo maana hata kwenye kanuni za World Archery (shirikisho la dunia la upigaji upinde) daraja la longibo (upinde mrefu wa asili) linataka mishale ya mbao na manyoya ya asili.

Na ni mepesi wakuu! Manyoya matatu ya bata mzinga ya inchi 4 hayafiki greni 10 yote kwa pamoja, kwa hiyo unapata eneo kubwa kwa uzito kidogo. Isitoshe uso wa nyoya ni mkwaruzo, unashika hewa vizuri, mshale unanyooka mapema. Yule mtu wa barafu Ötzi aliyepatikana 1991 kwenye milima ya Alps, wa miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, alikuwa na mishale 14 kwenye podo na miwili iliyokamilika ilikuwa na manyoya matatu matatu, yamegandishwa kwa lami ya mti na kufungwa kwa uzi mwembamba. Fikiria, manyoya matatu, mpaka leo bado tuko palepale.

Anayetaka kuanza na manyoya ajue haya, maana muuzaji anaweza asimwambie. Kuna manyoya ya bawa la kulia na ya bawa la kushoto, yamejikunja tofauti. Usichanganye kwenye mshale mmoja hata siku moja. Na jigi yako ifuate bawa, ya kulia na pembe ya kulia, ya kushoto na ya kushoto, ukiyapindisha kinyume na asili yake yanashindana yenyewe kwa yenyewe. Watu wanadhani mpigaji wa mkono wa kulia lazima atumie bawa la kulia, sio hivyo, chagua moja ubaki nalo. Longibo ya paundi 40 na mishale ya mbao inchi 4 mpaka 5 inatosha, ukiwa na ncha nzito au mshale mnene sogea 5. Umbo, lile lenye mgongo wa duara ni kimya zaidi kidogo, lile lililokatwa wima nyuma lina kelele lakini linapendeza, na mimi nalipenda hilohilo kwa sababu ya kupendeza tu sina sababu nyingine.

Mvua ndio adui. Yakilowa yanalala kwenye shafti na mshale unaenda unavyojua wenyewe. Kuna poda ya kuzuia maji, inasaidia kiasi sio sana. Yakijikunja yakiwa makavu yashike juu ya mvuke wa birika yanarudi.

Ugwe Mkavu
Sijasema ni ya makumbusho bwana 😂 Hata huku kwenye kaboni na aluminiamu manyoya marefu yapo ndani mita 18. Hakuna upepo, umbali mfupi, mshale mnene hadi kikomo cha kanuni cha milimita 9.3 unagusa mistari mingi ya alama, na nyoya la inchi 3 au 4 linaunyoosha kabla haujafika. Anayetaka seti mbili za mishale, ya ndani na ya nje, afanye hivyo. Asiyetaka abaki na ya nje, itapiga ndani vizuri tu, ila ya ndani ukiipeleka mita 70 utaona ilivyo mizito.

Kidole Gumba
Mi naona mnazunguka sana. Mshale unatikisa mkia? Weka veni kubwa zaidi. Weka nne badala ya tatu. Kwisha. Mi nilifanya hivyo ukanyooka.

Ugwe Mkavu
Kidole hapo ndo nisipokubaliana nawe kabisa. Kuweka veni kubwa juu ya mshale ambao haujakaa sawa na upinde ni kujipulizia marashi bila kuoga. Utanyooka ndio, lakini utakuwa umenyooka baada ya mita kadhaa za kupigana, umepoteza kasi, na siku ukiachia vibaya kidogo hakuna akiba iliyobaki. Tena kama tatizo ni kugusa resti, veni kubwa inagusa zaidi.

Podo fanya hivi. Chukua mishale kama miwili usiwe na veni kabisa, zungushia utepe mkiani uzito ulingane na veni ulizotoa, maana uzito wa mkiani nao unabadili jinsi shafti inavyopinda. Piga mita 18 pamoja na yenye veni. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mishale mitupu ikikaa kushoto ya kundi shafti ni ngumu kwa upinde wako, ikikaa kulia ni laini. Wa mkono wa kushoto geuza. Rekebisha kwa planja, kwa uzito wa ncha, au paundi za upinde ukiweza kuzigeuza, ncha nzito zaidi inalainisha na nyepesi inakaza. Mtupu ukianza kukaa karibu na kundi, hapo ndo uulize veni gani, na utashangaa ndogo inatosha.

Nne sio mbaya kimsingi. Nne ndogo zinaweza kutoa eneo sawa na tatu kubwa zikiwa fupi kwenda juu, zinapita mahali pembamba, na zikipangwa digrii 90 huna haja ya kutafuta ipi ikae wapi. Lakini weka nne kwa sababu hiyo sio kwa kuficha.

Kidole Gumba
Sawa mwalimu. Nitajaribu mtupu, ila mkuu ukipotea nyasini utakuja kunitafutia.

Mama Shabaha
Naulizia upande wa kompaundi jamani, maana nyie mmekaa kwa vidole tu. Mume wangu anawinda, kompaundi paundi 60, resti ya kudondoka. Ncha za mazoezi zinapiga katikati, akiweka brodihedi (ncha za mapanga za kuwindia) zile zisizofunguka zinaenda pembeni. Kaambiwa anunue brodihedi nyingine. Je shida ni ncha au ni veni?

Ugwe Mkavu
Dada Mama Shabaha inaweza kuwa vyote viwili, ila anzeni na upinde. Brodihedi isiyofunguka ina mapanga, na mapanga ni mabawa yaliyo mbele. Mshale ukitoka umekaa upande hata kidogo, mapanga yanashika hewa na kuuvuta ncha upande huohuo, wakati veni nyuma zinajaribu kuurudisha. Ncha ya mazoezi haina mabawa kwa hiyo inasamehe yote. Apige mshale wenye veni kupitia karatasi iliyotandazwa akiwa karibu, kama mita 2, aone tundu. Tundu la duara lenye alama tatu za veni ni zuri, likichanika kwenda upande au juu ahamishe resti au sehemu anayochomeka noki kwenye kamba mpaka lipone.

Baada ya hapo veni. Resti ya kudondoka ina raha yake, inashuka kabla mkia haujafika, kwa hiyo ana uhuru wa veni ndefu kwenda juu na helikali kali kadri jigi itakavyokubali. Kwa brodihedi za mapanga huo ndio mpangilio ninaoupendekeza, veni tatu ngumu za juu zenye helikali au ofseti nzuri, kamwe zisiwe zimenyooka. Akitumia zinazofunguka zikigonga, anaweza kupunguza maana zikiruka zimejifunga. Kasoro ya helikali kubwa ni kelele kidogo hewani na kushuka zaidi mbali, lakini kwenye uwindaji umbali sio wa mita 70.

Mwana wa Longibo
Na kelele ni kitu jamani. Nyoya kubwa linavuma, mnyama anasikia. Sisi tunajua.

Mama Shabaha
Asante kaka Ugwe. Karatasi tutaifanya. Hebu na kubandika, maana zake zinabanduka upande wa mbele kila mara.

Ugwe Mkavu
Upande wa mbele ndio unaopokea kishindo cha kuingia kwenye shabaha. Shafti isafishwe kwa spiriti na isiguswe tena kwa vidole, mafuta ya mkono yanatosha kuharibu. Mguu wa veni nao ufutwe. Gundi kidogo mstari mmoja mwembamba, gundi nyingi haishiki zaidi inachafua tu, na jigi iachwe ikae bila haraka. Akitoa, aweke tone moja mbele na moja nyuma ya kila veni. Hilo tone la mbele ndo linaloamua.

Na umbali kutoka noki: kwa rikavu ya vidole acha kama sentimita 2.5 vidole visiguse veni, na angalieni ukivuta mpaka kidevuni veni isikuguse usoni. Kwa rilizi unaweza kurudi nyuma zaidi, na kadri zinavyokaa nyuma ndivyo zinavyokuwa na nguvu ya kurudisha mkia.

Podo Tupu
Wakuu narudi. Nimepiga mtupu, ulikaa kulia kwa kiasi kikubwa. Nimebadilisha ncha nyepesi kidogo na kukaza planja, sasa uko karibu na kundi. Lakini yenye veni bado mmoja mmoja unatikisika. Nifanye nini tena?

Ugwe Mkavu
Safi, sasa tafuta kama unagusa. Chukua ile poda ya miguu ya kupuliza, pulizia mkia wa mshale kuanzia veni mpaka noki, pulizia na resti na planja na eneo la mpini hapo karibu. Piga shabaha ya karibu mshale usichimbie mpaka veni zikajifuta zenyewe. Halafu angalia mstari uliofutika. Huna poda, lipstiki kwenye kingo za veni inafanya kazi, itaacha rangi pale inapogusa.

Podo Tupu
Poda imesema. Veni ya chini upande wa mpini inafuta mstari na kwenye waya wa resti kuna alama. Ile yenye rangi tofauti ambayo inakaa nje haijaguswa.

Ugwe Mkavu
Basi umempata mwizi. Zungusha noki kidogo sana, kama upana wa wino wa kalamu kwa mara moja, pulizia tena, piga tena. Utafika mahali veni mbili za ndani zinapita juu na chini ya waya bila kugusa. Weka alama kwenye shafti na noki ili mishale yote ifanane. Angalia na waya wa resti, ukichomoza sana nje ya mshale ukiutazama kutoka juu, ufupishe au uukunje usionekane.

Podo Tupu
Nimezungusha, imepona karibu yote. Hizi ngumu naziacha kwa ndani mita 18. Kwa nje nimeamua Spin-Wing. Mimi ni wa mkono wa kulia, nimeona zinauzwa za kulia na za kushoto, na hazibandikwi kwa gundi?

Ugwe Mkavu
Chukua za kulia. Zinabandikwa kwa utepe wa pande mbili unaokuja nazo, halafu unazungushia utepe mwembamba mbele na nyuma ya seti. Chora mistari mitatu kwenye shafti kwanza kwa jigi ili zikae sawa, wengi wanabandika hata kwa mkono wakishazoea. Mkunjo uangalie upande mmoja kwa zote tatu, hilo likikosewa kwenye moja mshale hautulii. Na beba za akiba maana ni laini, mshale mwingine ukipita jirani zinachanika, unang'oa unabandika mpya palepale kwenye mstari. Ukishaweka rudia mtupu na poda, sababu umepunguza uzito wa nyuma na shafti itaonyesha ulaini kidogo zaidi ya sasa, unaweza kuhitaji kugusa planja tena.

Mwana wa Longibo
Na ukichoka kuokota plastiki, rafu ipo.